Kukausha Matufaha kwa Kuuza

Katika nchi ya baridi ya Njombe mitufaha hustawi. Lakini matunda mengi huiva pamoja, naye mkulima asiye na ghala huuza upesi kwa bei aambiwayo, au huyaona yakioza. Basi na tujifunze kuyakausha.

Tupandapo, tuchanganye aina mbili zichanuazo wakati mmoja, maana mitufaha mingi haizai vema peke yake.

Tukiisha kuchuma, tuchague matunda mazima, tuyaoshe, tuondoe mbegu, tuyakate vipande vyembamba vya nusu sentimita. Tuvichovye katika maji ya ndimu visigeuke rangi, kisha tuvitandaze juani juu ya wavu safi, tumevifunika kwa kitambaa chepesi. Jioni tuviingize ndani, visipate umande. Siku za mvua tutumie kikaushio chenye joto la digrii 60 hivi. Kipande kilichokauka hupindika bila kutoa maji.

Tusisahau hesabu: tufaha ni maji zaidi ya sehemu 80 katika 100, kilo 10 hutoa kilo moja na kitu tu. Asiyelijua hilo atauza kwa hasara. Alijuaye aweza kungoja bei ya haki.