Kapeti Imeenda Kuoshwa, Haijarudi: Somo kwa Jumuiya na Vikundi



Katika toleo hili tumeona vema tuzungumze juu ya jambo ambalo wengine watalicheka: kuosha kapeti. Lakini tunapozunguka katika jumuiya ndogo ndogo za hapa mjini Kakamega, kutoka Amalemba hadi Lurambi, akina mama hawalicheki. Kapeti ya sebuleni kwa mama wengi ilinunuliwa kwa zamu yake ya chama, baada ya kungoja miezi. Jumuiya ikija kusali, watoto na vijana hukalia hiyo. Jirani akifiwa, ndiyo inayoazimwa ili wageni waliotoka mbali wapate pa kulala. Ikichukuliwa na tapeli, hasara yake ni sawa na kuibiwa mbuzi.

Na hapa kwetu ni vigumu kuosha mwenyewe. Kapeti ya manyoya ikilowa, watu wawili hawaiinui. Tena Kakamega ni mji wa mvua. Asubuhi jua linawaka, saa tisa wingu linatoka upande wa msitu, na kila kitu kilichoanikwa kinalowa upya. Kapeti iliyokaa mbichi siku tatu inaanza kunuka na kuota ukungu, na mtoto mwenye pumu hatalala. Ndiyo maana watu huwatafuta vijana wa kuosha. Wengi wa vijana hao wanafanya kazi nzuri. Shida ni wale wachache wanaotumia jina la kazi hiyo.

UJANJA UNAVYOFANYIKA

Wizi huu hauanzi kwa nguvu. Kijana anabisha hodi, ana adabu, amevaa gamubuti, anasema, "Shikamoo mama, sisi ndio tunaosha kapeti za hapa mtaani. Juzi tulichukua ya mama wa nyumba ile ya geti nyeusi." Bei yake ni ya chini sana. Boda boda inangoja nje. Kesho yake ukipiga simu unaambiwa mteja hapatikani. Ukienda kwa mama wa geti nyeusi, hata yeye hajawahi kumwona.

Lakini njia inayotusumbua zaidi ni ile ya kujifanya mtu wa kwetu. Anakusalimu kwa Kiluhya, anakwambia ni mwana wefwe, anataja parokia, hata anamtaja mwenyekiti wa jumuiya kwa jina. Majina hayo si siri. Yanasomwa katika matangazo kila Jumapili! Mama akisikia hivyo, anaona haya kumwuliza maswali. Anafikiri akidai maandishi ataonekana hana imani. Tapeli anaijua aibu hiyo na ndiyo mtaji wake. Tungependa jumuiya zetu zizoee kwamba kuuliza si kutukana. Kijana mwaminifu haudhiki akiulizwa anaoshea wapi. Mara nyingi anafurahi, maana anapata nafasi ya kujitangaza.

Kuna na hila ndogo ndogo. Mmoja anakwambia kwa simu shilingi 300, akishailowesha kapeti anasema kumbe ni kubwa, leta 900 au uichukue na maji yake. Mwingine anabadilisha: unapeleka mpya, unarudishiwa kuukuu ya rangi ile ile. Siku hizi nusu ya mtaa wana kapeti ya kijivu, utabishana naye vipi? Na wengine hawaibi kitu, wanamwaga tu sabuni ya unga na dawa ya kuondoa madoa, wanapiga maji ya presha juu juu, na sabuni inabaki ndani. Kapeti hiyo inashika vumbi upesi kuliko ambayo haikuoshwa.

KABLA KAPETI HAIJATOKA MLANGONI

Swali la kwanza si bei. Ni "Unaoshea wapi?" Halafu nenda ukaone, au mtume kijana wako. Mtu mwenye mahali pake ana majirani wanaomjua na mwenye ploti anayemdai kodi. Hawezi kuhama usiku kwa ajili ya kapeti moja. Akiwa na leseni ya biashara ya kaunti, ni vizuri zaidi. Lakini leseni peke yake haioshi. Tazama sakafu. Kama ni pale pale wanapoosha malori na kuna oili chini, kapeti yako itarudi na doa ambalo haikwenda nalo. Tazama pa kuanikia: kuna vyuma au kamba imara, kuna paa la kukimbilia mvua ikija? Tazama na maji wanayosuuzia. Fundi mzuri anakung'uta vumbi kwanza, analowesha, anasugua kwa brashi, kisha anasuuza hadi maji yatoke meupe. Baadaye anaikunja na kuisimamisha ili maji yachuruzike kabla ya kuanika. Ukiona hatua hizi kwa kapeti ya mtu mwingine, umeshapata jibu kuhusu yako.

Pili, pimeni pamoja, kwa tepu na si kwa hatua za miguu (miguu hurefuka mtu akitaka pesa). Wengi hutoza kwa futi ya mraba. Kapeti ya futi 5 kwa 8 ni futi 40. Kama mmeelewana shilingi 10 kwa futi, ni shilingi 400. Ya 7 kwa 10 ni futi 70, yaani 700. Tumetumia shilingi 10 kama mfano tu wa hesabu. Ulizeni kama usafiri umo ndani.

Tatu, andikeni. Karatasi ya daftari inatosha, nakala mbili: tarehe, kipimo, rangi, madoa na matundu yaliyokuwapo, bei, siku ya kurudisha, jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya simu. Piga picha ya kapeti, na ya namba ya pikipiki inayoibeba. Kisha chukua sindano na uzi wa rangi, shona alama ndogo upande wa chini kwenye kona. Kazi hii ni ya dakika mbili na inamaliza ubishi wote wa "hii si yangu". Kabla ya kumpa, lowesha kitambaa cheupe usugue mahali pa kona. Kitambaa kikishika rangi, mwambie mapema, asiweke dawa kali.

Kuhusu malipo, lipa mzigo ukirudi, ukiwa umekauka, nawe umeupitisha mkono chini. Akiomba pesa ya sabuni, kiasi kidogo si neno. Ukituma kwa M-Pesa, soma jina linalotokea kabla ya kukubali. Kijana aliyejiita kwa jina moja, na simu inaonyesha jina la mtu mwingine kabisa, asimame aeleze. Namba 456 inayotumiwa kuomba pesa irudishwe ni ya aliyekosea namba. Haikusaidii kama ulituma kwa hiari ukadanganywa.

Kwa wale wanaoitiwa kuosha viti nyumbani, tusimwachie msichana wa kazi mzigo huo peke yake. Awepo mtu mzima mwingine, na vyumba vya kulala vifungwe.

IKIWA MAMBO YAMEHARIBIKA

Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata huduma bora. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inaongeza kwamba mkikubaliana makadirio ya bei, fundi hawezi kukutoza zaidi ya hapo kwa kupita asilimia 10. Yaani wa shilingi 400 mwisho wake ni 440, isipokuwa mkikubaliana upya. Wachache wanaijua sheria hii. Ukimtajia yule wa 900 kwa upole, mara nyingi sauti inashuka.

Anza kwa mazungumzo, mbele ya balozi wa Nyumba Kumi au mzee wa mtaa. Kama ni wizi, nenda polisi, uandikishe na upewe namba ya OB. Ile karatasi na picha sasa zitakuwa ushahidi. Kwa deni au uharibifu iko Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na unaweza kujisimamia bila wakili.

Jambo moja tunalisema kwa uchungu. Mtu asipige kelele za "mwizi" barabarani. Tunajua kinachofuata: mawe, na wakati mwingine tairi. Kijana anauawa kwa ajili ya kapeti, na pengine siye aliyeichukua. Yeyote anayesimamia jumuiya na awakumbushe watu hili mapema, maana siku yenyewe hakuna atakayesikiliza.

NA SISI WATEJA JE?

Vijana wenyewe nao wana malalamiko, na ni ya haki. Kuna mama anayepokea kapeti safi halafu anasema "njoo mwisho wa mwezi". Kuna anayepunguza bei kazi ikiisha. Kitabu cha Walawi 19:13 kinakataza ujira wa kibarua kulala kwetu hadi asubuhi. Kijana aliyenyimwa shilingi 400 mara tatu anakosa ya sabuni, anaacha kazi, na nafasi yake inachukuliwa na yule wa boda boda.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika mtaa wetu, nani anaosha kapeti na tunapajua anapoanika?

2. Ni mara ngapi tumeamini mtu kwa sababu tu alitaja kanisa au kabila letu? Ilikuwaje?

3. Kikundi cha vijana wa parokia kikitaka kuanza kazi hii, kitahitaji nini: maji, vyuma, paa, daftari? Nani atakisimamia?

4. Je, kuna kijana tunayemdai uaminifu na bado hatujamlipa?