Somo la Ufundi: Kuitengeneza Upya Kabureta ya Msumeno wa Zamani

Mara kwa mara hufika mbele ya kamati za vyama pendekezo la kuuuza msumeno wa mnyororo kuwa chuma chakavu, kwa maelezo kwamba "injini imekufa". Kabla Katibu hajaliandika pendekezo hilo katika muhtasari, yafaa aulize swali moja: je, kabureta imefunguliwa? Msumeno kama Stihl 070, uliotokana na Contra ya mwaka 1959, una injini nzito iliyoundwa idumu. Kinachozeeka mapema ni vipande vichache vyembamba vilivyomo ndani ya kabureta, navyo huuzwa pamoja kama seti moja.

Kabureta ya pikipiki huwa na boya linaloelea juu ya petroli. Msumeno hulazwa ubavu na kuelekezwa juu na chini, hivyo boya lisingefaa. Badala yake mna viwambo viwili, ambavyo mafundi wengi huviita daframu. Kiwambo cha pampu hutikiswa na mapigo ya hewa yatokayo katika chumba cha krenki, na kwa kutikisika huko huvuta petroli kutoka tangini. Kiwambo cha kipimo husogea injini inaponyonya, kikabonyeza mkono mdogo wa chuma, nao mkono ukaifungua sindano ili petroli ipite. Kiwambo hiki kikishakauka na kukakamaa, hakisogei ipasavyo, na petroli hupungua.

Hapa ndipo ilipo hasara kubwa. Injini ya mipigo miwili haina oili yake ya pekee. Hulainishwa na oili iliyochanganywa katika petroli. Petroli ikipungua, oili nayo imepungua. Msumeno hulia kwa sauti nyembamba na ya kasi, mwendeshaji akadhani umepata nguvu, kumbe pistoni inakwaruzwa. Bei ya seti ya viwambo ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya pistoni na silinda. Kwa sababu hiyo hiyo, mtu anayeikaza skrubu ya H ili msumeno "ukimbie" anaiua mali ya chama.

Kabla ya kufungua, fundi na atazame chujio la ndani ya tangi, mpira wa petroli, tundu la hewa la tangi, na chujio la hewa. Kabureta nyingi zimefunguliwa bure, kumbe mpira wa petroli ulikuwa na ufa.

Kazi ifanywe mbali na moto, juu ya kitambaa cheupe. Skrubu za H na L zifungwe taratibu, mizunguko ihesabiwe na kuandikwa, ndipo zitolewe. Zikikazwa kwa nguvu, viti vyake huharibika. Vifuniko viwili vikitolewa, upangaji wa gasketi na kiwambo uchorwe katika karatasi. Upangaji huo hutofautiana kwa aina za kabureta, na uliogeuzwa hufanya msumeno ugome ingawa kila kitu ni kipya. Mkono wa sindano utolewe kwa uangalifu, maana springi iliyo chini yake huruka na kupotea. Chini ya kifuniko cha pampu mna wavu mdogo; mara nyingi huo ndio ulioziba.

Sehemu za mpira zikishatolewa zote, mwili wa kabureta uoshwe na kupulizwa kwa hewa. Waya usiingizwe katika matundu hata kidogo: tundu likipanuka, kipimo chake hakirudi tena.

Kimo cha mkono wa sindano kinahitaji jicho la makini. Ukiwa juu mno petroli hufurika, ukiwa chini mno injini hukosa chakula. Katika kabureta nyingi za Tillotson mkono huwa sawa na sakafu ya chumba chake. Kwa aina nyingine kifuatwe kitabu cha mashine. Wakati wa kurudisha kabureta, tundu la mapigo katika gasketi lilingane na tundu la injini, la sivyo pampu haitafanya kazi.

Kitabu kisiposema vingine, H na L zianze zikiwa zimefunguliwa mzunguko mmoja mmoja. Injini ikishapata joto, L irekebishwe hadi msumeno uitikie mafuta bila kusita, kisha skrubu ya mwendo mdogo ipunguzwe hadi mnyororo usimame kabisa. Kwa H, injini ikikimbia bila mzigo na isikike ikigugumia kidogo, na kigugumizi kitoweke mnyororo unapouma gogo. Kisipokuwapo, H ifunguliwe zaidi.

Mtunza ghala asimkabidhi mtu yeyote msumeno ambao mnyororo wake huzunguka kidole kikiwa nje ya mafuta. Misumeno mingi ya zamani haina breki ya mnyororo, na mwenye kujikwaa porini hana cha kumkinga. Msumeno utakaokaa ghalani miezi kadhaa umwagwe petroli yote, kisha uwashwe hadi uzime wenyewe, viwambo vipya visije vikaloweshwa na petroli iliyochacha.