SOMO KWA MAKATIBU: RANGI KATIKA LEJA YA KOMPYUTA

Tangu zamani waweka hesabu wameandika deni kwa wino mwekundu, ili jicho lilione upesi. Vyama vinavyotunza leja ya mikopo kwa programu ya Excel vimeurithi mtindo huo: katibu hupaka nyekundu mstari wa mwanachama anayedaiwa. Mtindo ni mwema, lakini una hatari yake.

Rangi iliyopakwa kwa mkono haijui hesabu. Mwanachama aliyekopa mbolea ya shilingi 180,000 akilipa zote, baki yake huwa 0, ilhali wekundu hubaki mpaka mtu akumbuke kuufuta. Kamati ikitazama rangi tu, humnyima pembejeo mtu asiyedaiwa. Hiyo ni dhuluma, hata kama hakuna aliyeikusudia.

Yafaa basi programu yenyewe ipake rangi kwa kufuata kanuni:

1. Rangi zote za zamani zifutwe.

2. Safu A iwe ya jina, B ya mkopo, C ya malipo, D ya baki. Katika D2 iandikwe =B2-C2, kisha inakiliwe hadi mwanachama wa mwisho.

3. Mistari yote ya wanachama ichaguliwe kuanzia A2. Katika amri ya Conditional Formatting iandikwe kanuni =$D2>0, na rangi ichaguliwe. Alama ya $ huifunga safu D, hivyo mstari mzima wa mdaiwa hupata rangi. Deni likiisha, rangi huondoka yenyewe.

4. Katika E2 iandikwe =IF(D2>0,"ANADAIWA","AMEMALIZA"), nayo inakiliwe chini. Neno ni la lazima, kwa kuwa wako watu wasiotofautisha nyekundu na kijani, na nakala isiyo ya rangi haionyeshi wekundu.

Hapana budi kujihadhari na jambo moja. Fedha ziandikwe kwa tarakimu tupu. Katibu akiandika 180,000/= kama alivyozoea katika stakabadhi, programu huyahesabu hayo kuwa maneno. Hesabu ya baki hushindikana, kanuni haipaki rangi, na mdaiwa huonekana safi. Safu E ndiyo itakayomfichua, kwani itaonyesha alama ya kosa mahali pa neno.

Rangi humwonyesha msomaji pa kutazama, haithibitishi deni. Kabla ya kikao, kila mstari mwekundu ulinganishwe na stakabadhi za mwanachama.

Swali la kujipima: Kwa nini mstari usio na rangi hautoshi kuthibitisha kwamba mwanachama amemaliza deni?