Kuchagua Mitambo ya Kituo Kidogo cha Redio

Kituo kidogo cha redio kisichotafuta faida huanzishwa kwa michango ya wananchi na, mara nyingi, kwa msaada wa wafadhili wa ng'ambo. Fedha za namna hiyo aghalabu hupatikana mara moja tu. Swali ambalo wahusika hulitanguliza ni hili: mtambo wa kurushia matangazo uwe wa wati ngapi? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hilo lafaa kuulizwa mwisho.

Tuanze na mfano. Mwaka 1982 kituo cha aina hii kilifunguliwa Homa Bay, kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, kwa ushirikiano wa serikali na UNESCO. Mitambo yake ilikuwa ya gharama nafuu, na matangazo yalitolewa kwa Kijaluo, lugha ya wenyeji. Mwaka 1984 serikali ilikifunga. Mfano huu unatufunza kwamba mitambo midogo yaweza kuhudumia wenyeji, na kwamba uhai wa kituo hautegemei mitambo peke yake.

1. Kibali. Redio za FM hutumia masafa ya kati ya megahezi 87.5 na 108, na kila nchi ina mamlaka inayoyagawa. Kibali kitangulie ununuzi, kwani vipimo vya antena hufuata masafa. Kwa megahezi 100, wimbi lina urefu wa mita 3, na antena ya nusu wimbi huwa na urefu wa karibu mita moja na nusu.

2. Kimo cha antena. Mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, kama mwanga. Ili kukadiria upeo wake, chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 4.1, jibu ni kilomita. Antena iliyo mita 25 juu ya uwanda ina upeo wa kilomita 20 hivi. Iliyo mita 100, kilomita 41. Kwa hiyo kilima ni mlingoti wa bure. Kuongeza wati hakumsaidii sana msikilizaji aliye nyuma ya mlima.

3. Kebo. Nguvu hupotea njiani kati ya mtambo na antena. Tuchukue mtambo wa wati 100 na kebo ya mita 30. Kebo nyembamba ya milimita 5 hufikisha kwenye antena wati 35 hivi. Ya milimita 10, karibu wati 60. Kebo nene ya nusu inchi, zaidi ya wati 80. Nguvu iliyobaki huishia kuipasha kebo joto. Anayebana fedha kwenye kebo hulipia nguvu ambayo msikilizaji haipati.

4. Umeme. Mtambo wa wati 100 waweza kutumia wati 200 za umeme. Tukiongeza wati 200 za studio, jumla ni wati 400. Kwa saa 12 za matangazo, matumizi ni uniti 4.8 kwa siku. Mahali penye jua linalolingana na saa 5 za jua kali kwa siku, zitahitajika paneli za wati 960. Ongeza theluthi moja kwa ajili ya upotevu, upate wati 1,300 hivi. Mtambo wa wati 400, kwa hesabu hiyohiyo, utadai paneli za wati 3,200, pamoja na betri nyingi zaidi ambazo baada ya miaka kadhaa lazima zibadilishwe. Mfadhili aweza kununua betri za kwanza. Je, za pili atanunua nani?

5. Radi. Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi sana duniani. Mlingoti, kebo na mtambo viunganishwe kwa waya mnene na vyuma vilivyozikwa ardhini. Kazi hii ifanywe kabla ya siku ya kwanza ya matangazo.

6. Studio. Maikrofoni mbili imara, mashine ya kuchanganya sauti na kompyuta moja zatosha kuanzia. Kipimo cha kila kifaa kiwe hiki: fundi wa karibu aweza kukitengeneza, na vipuri vyake vinapatikana nchini.

Baada ya hatua hizo sita, swali la wati litajibika kwa urahisi, nalo jibu mara nyingi litakuwa dogo kuliko lilivyodhaniwa. Kituo cha wati 50 kinachosikika kila siku chamfaa mvuvi na mkulima kuliko cha wati 500 kilichonyamaza kwa kukosa betri.

Zoezi: Mlingoti wa mita 24 umesimikwa juu ya kilima chenye kimo cha mita 120 kutoka uwandani. Je, upeo wa antena iliyo kileleni mwake ni kilomita ngapi? (Jibu: 49.)