Fedha za nyumbani huenda wapi?

Soma Luka 14:28–30.

Yesu anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza huketi na kuhesabu gharama. Sisi huhesabu tunapojenga, lakini si tunaponunua nyanya.

Mnamo Aprili 2020 serikali ya Kenya ilizuia watu kuingia na kutoka Nairobi kwa sababu ya korona. Waliofanyia kazi nyumbani hawakulipa nauli tena, lakini wengi walifika mwisho wa mwezi bila kodi ya nyumba. Nauli iligeuka kuwa bando za intaneti, umeme, na mandazi ya watoto walioshinda nyumbani. Kutuma hadi shilingi 1,000 kwa M-Pesa kulikuwa bure mpaka mwisho wa mwaka huo, basi tulituma mara kwa mara bila kuhisi.

Chukua daftari. Kila jioni andika ulichotumia, hata shilingi 10. Ujumbe wa simu utakukumbusha ulichotuma. Fedha taslimu hazina ujumbe. Ulichokopa dukani kiandike siku uliyokichukua, si siku utakayolipa. Hapo ndipo wengi hujidanganya.

Jadilianeni:
■ Je, mume na mke waandike katika daftari moja?
■ Ni matumizi gani ungeona haya kuyaandika?