SOMO: KUAZIMA KAMERA KWA SAFARI YA NG'AMBO

Ndugu mfanyakazi,

Kwa kawaida kila mwezi wa Juni wajumbe wa wafanyakazi huenda Geneva, Uswisi, kwenye mkutano mkuu wa Shirika la Kazi Duniani. Wenzao huwaagiza picha. Asiye na kamera huazima ya rafiki, nayo yaweza kuwa na thamani ya mshahara wa miezi mingi.

Mwajiri tunamdai mkataba wa maandishi. Basi na sisi tuandikiane:

1. Andikeni namba ya kamera, kasoro zake, bei yake na siku ya kuirudisha. Kila mmoja abaki na nakala.
2. Kubalianeni nani atalipa ikiibiwa au ikivunjika.
3. Wakati wa kutoka, ionyeshe forodhani na uombe hati. Bila hati, waweza kudaiwa ushuru ukirudi.
4. Ndani ya ndege ishike mwenyewe. Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi katika mizigo inayowekwa chini.

Mwenye mali asione haya kudai maandishi, wala anayeazima asidhani ametukanwa. Karatasi hiyo hulinda urafiki.

Swali la kujadiliana tawini: Kamera ikiibiwa katika kazi ya chama, je, ni haki mjumbe alipe peke yake?