Nyigu wa Mkaratusi: Kagua Miche Kabla ya Kulipa



Mvua ndefu zikianza hapa Lugulu, wengi huenda kitaluni kununua miche ya mikaratusi, yaani blugamu. Mti huu ni akiba ya nyumba: hutoa kuni, fito na nguzo. Lakini yuko mdudu aiharibuye akiba hiyo ingali changa. Mwezi huu tujifunze kumtambua.

Ni nyigu mdogo sana, mweusi, urefu wake wapata milimita 1 tu. Asili yake ni Australia, alikotoka mkaratusi wenyewe. Katika Kenya alionekana kwanza mwaka 2002, tena upande wetu huu wa magharibi.

Kazi yake ni hii. Jike hutaga mayai ndani ya mshipa wa kati wa jani changa, katika kikonyo chake, na katika ncha laini za matawi. Buu hukaa humo humo, na mahali pake huvimba nundu. Nundu huwa ya kijani, halafu nyekundu, mwisho hudhurungi. Kisha nyigu mpya hutoboa tundu la mviringo akatoka. Kwa kuwa buu amejificha ndani ya mti, dawa ya kunyunyiza haimfikii kwa urahisi.

Majani hujikunja, ncha hudumaa, na mti huwa kichaka. Mti wa namna hiyo haukupi nguzo.

Usimchanganye na mchwa. Mchwa hula mizizi. Mche hunyauka wote, na ukiuvuta hung'oka upesi. Nyigu hushambulia juu.

Nyigu huruka, lakini safari zake ndefu tunamsafirisha sisi wenyewe kwa miche. Basi fanya hivi:

1. Kabla ya kulipa, papasa mishipa ya majani ya juu. Ukikuta nundu usinunue, hata bei ikiwa rahisi.
2. Uliza aina ya mkaratusi. Aina ya kamaldulensisi huumia sana. Afisa wa misitu atakushauri aina inayostahimili.
3. Ukikuta miche yenye nundu shambani, ing'oe uichome moto. Usimpe jirani.

Maswali ya kujipima:
(a) Nundu huota sehemu zipi za mche?
(b) Kwa nini dawa ya kunyunyiza haisaidii sana?
(c) Utatofautishaje kazi ya nyigu na ya mchwa?

Kumkataa kitaluni ni rahisi kuliko kumfukuza shambani.